Mpishi wa Marka: Kutoka Ndui Hadi Chanjo ya Malaria

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa kila jambo na Mponyaji wa kila maradhi. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, ikiwa umri wako umepita miaka hamsini, kunja mkono wa kanzu yako utazame juu ya mkono. Huenda ukakuta pale kovu la mviringo, lililobonyea kidogo. Hilo ni kovu la chanjo ya ndui. Mtoto wako hana, wala mjukuu wako hana. Wao wana alama za chanjo nyingine, lakini ya ndui hawana, kwa kuwa ndui yenyewe haipo tena juu ya mgongo wa ardhi. Maradhi yaliyoua wafalme na watumwa, yaliyopofua macho na kuharibu nyuso kwa maelfu ya miaka, yameondoka kwa idhini ya Mola, na sababu ya kuondoka kwake ni elimu na juhudi za waja Wake.

Leo twataka kueleza habari za mtu wa mwisho aliyepatwa na ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizana. Hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa Mwislamu wa pwani hii hii ya Afrika Mashariki, mpishi wa hospitali katika mji wa Marka. Na katika habari zake mna funzo kwa kila mzazi leo, wakati huu ambapo wataalamu wametuletea kitu kilichotafutwa kwa miaka mingi, nacho ni chanjo ya malaria.

ELIMU ILIYOPITA MIKONO MINGI

Wako wanaodhani kwamba chanjo ni jambo la Wazungu, lililoletwa kwetu juzi. Tarikh haisemi hivyo.

Tabibu mkubwa Abu Bakr Muhammad bin Zakaria Al-Razi, mzaliwa wa mji wa Rayy, aliyeongoza hospitali katika Baghdad na kufariki yapata mwaka 925, aliandika risala maalumu juu ya ndui na surua. Watu walikuwa wakiyachanganya maradhi haya mawili, naye akayapambanua kwa dalili zake, moja baada ya moja. Risala hiyo ilifasiriwa katika lugha za Ulaya, ikasomwa huko kwa karne nyingi.

Ama kinga yenyewe, ilikuwa ikijulikana na watu wa kawaida katika nchi mbali mbali za Asia na Afrika kabla ya kujulikana na madaktari wa Ulaya. Walikuwa wakichukua maji ya kipele cha mtu aliyeugua ndui nyepesi, kisha wakamchanja mtu mzima wa afya na kuyatia pale penye chale. Aliyechanjwa aliugua kidogo, akapona, na ndui haikumrudia. Na sisi katika lugha yetu neno limebaki hilo hilo: chanjo, yaani kuchanja ngozi, ingawa leo ni sindano.

Mwaka 1717 bibi mmoja Mwingereza, Mary Wortley Montagu, mke wa balozi, aliwaona akina mama wa dola ya Uthmaniya wakifanya hivyo. Akamchanjisha mwanawe wa kiume huko huko Istanbul mwaka 1718, na aliporudi kwao London akamchanjisha binti yake mwaka 1721. Mwaka huo huo, katika mji wa Boston, Marekani, ndui ilikuwa ikiua watu. Palikuwa na mtumwa kutoka Afrika, jina lake Onesimus, ambaye alikuwa amekwisha kumweleza bwana wake, kasisi Cotton Mather, jinsi yeye mwenyewe alivyochanjwa kwao. Mather akawahimiza matabibu waijaribu njia hiyo. Tabibu mmoja akakubali, wengine wakapinga, na watu wakaghadhibika hata wakaitupia nyumba ya Mather bomu kupitia dirishani. Tazama basi: mtu aliyenyang'anywa uhuru wake ndiye aliyewapa wenye kumtumikisha elimu ya kuokoa roho zao.

Njia hiyo ilikuwa na hatari yake. Katika kila watu mia waliochanjwa, wawili au watatu waliweza kufa, ingawa ndui yenyewe iliua hata 30 katika mia. Tarehe 14 Mei 1796 tabibu Mwingereza Edward Jenner akapata njia iliyo salama zaidi. Alikuwa amesikia kwamba wanawake wakamuao maziwa, wakipatwa na ndui ya ng'ombe, ambayo ni nyepesi, hawapatwi na ndui ya watu. Akachukua maji ya kipele katika mkono wa mkamua maziwa mmoja, akamchanja nayo mtoto wa miaka 8. Baadaye alipomtia ndui ya watu, mtoto yule hakuugua.

Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda. Tabibu wa Baghdad ana fungu lake, na mama wa Istanbul ana fungu lake, na mtumwa wa Kiafrika, na mkamua maziwa wa Uingereza. Hakuna kaumu iwezayo kusema: hii ni yetu peke yetu. Wala hakuna kaumu iwezayo kusema: hii haituhusu.

MARKA, MWAKA 1977

Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza juhudi kubwa ya kuiondoa ndui duniani kote. Kulikuwa na dawa ya chanjo iliyokaushwa, isiyoharibika upesi kwa joto la nchi zetu, na sindano ndogo yenye ncha mbili ambayo mtu yeyote aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi. Wachanjaji walitembea kwa miguu, kwa ngamia na kwa mashua. Kila palipotokea mgonjwa, walimtenga, wakawachanja wote waliomzunguka, mpaka maradhi yakakosa pa kwenda. Nchi moja baada ya nyingine ikasafika. Mwisho ikabaki Somalia.

Katika hospitali ya Marka, mji wa kale wa Kiislamu katika pwani ya Banadir, palikuwa na kijana wa miaka 23 akiitwa Ali Maow Maalin, mpishi. Tarehe 12 Oktoba 1977 ilifika gari yenye watoto wawili wagonjwa wa ndui, na dereva hakuijua njia ya kuendea kwa mkuu wa kazi ya ndui pale mjini. Ali akapanda garini ili amwonyeshe. Safari ile ilikuwa ya dakika chache tu. Mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka 6, alifariki baada ya siku mbili.

Ali hakuwa amechanjwa. Jambo la ajabu ni kwamba alikuwa akifanya kazi hospitalini, na hata aliwahi kusaidia kwa muda katika kazi ya kuchanja watu. Chanjo ilikuwa mbele ya macho yake kila siku. Lakini yeye, kama alivyokiri mwenyewe baadaye, aliogopa. Aliona kwamba sindano ile inauma.

Tarehe 22 Oktoba akashikwa na homa. Wakamtibu malaria. Vipele vilipotokea wakasema ni tetekuwanga, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Ilipofika tarehe 30 Oktoba ndipo ilipobainika kwamba ni ndui. Mji ukashikwa na hofu. Waliokuwa wamemkaribia wakatafutwa mmoja mmoja, wakachunguzwa, na katika muda wa wiki mbili wakachanjwa watu zaidi ya 50,000 katika mji na pembezoni mwake. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu, Ali akapona, na hakuna hata mtu mmoja aliyeambukizwa naye.

Baada yake ndui haikumpata tena mtu yeyote kwa njia ya kawaida. Mwaka uliofuata ilitokea katika mji wa Birmingham, Uingereza, lakini huko ilitoka katika maabara. Tarehe 8 Mei 1980 mkutano wa mataifa yote, chini ya Shirika la Afya Duniani, ukatangaza kwamba ndui imekwisha.

TOBA YA MPISHI

Watu wengi waijuao habari hii huishia hapo. Lakini sehemu iliyo bora zaidi ni ile inayofuata.

Ali Maow Maalin hakuficha kosa lake. Miaka ya 2000, wakati Somalia ilipokuwa ikipigana na polio, maradhi yanayopooza viungo vya watoto, alijiunga na kazi ya chanjo. Nchi ilikuwa haina serikali yenye nguvu, silaha zilikuwa kila mahali, na katika vijiji vingine wazazi walikataa watoto wao wasiguswe. Yeye alikuwa akikaa nao, akiwasimulia yaliyompata: kwamba aliogopa maumivu ya kitambo kidogo, akapata maradhi ya kutisha. Na nani awezaye kumbishia mtu aliyekuwa wa mwisho duniani kuugua ndui?

Mwaka 2007 polio ikatoweka Somalia. Mwaka 2013 ikarudi tena, na yule mpishi, sasa mtu wa makamo, akarudi kazini. Akiwa katika kazi hiyo alishikwa na homa, akafariki tarehe 22 Julai 2013, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Na ile homa ilikuwa nini? Ilikuwa malaria. Mwaka 1977 walidhani ana malaria, kumbe ni ndui, akapona. Miaka 36 baadaye ikawa ni malaria kweli, nayo ikamuua. Mtu aliyefunga mlango wa maradhi moja alichukuliwa na maradhi nyingine ambayo mpaka siku ile haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa.

KWA NINI MALARIA IMETUSUMBUA HIVI

Mwenye kuuliza atauliza: ikiwa chanjo ya ndui ilipatikana tangu 1796, kwa nini ya malaria imechelewa zaidi ya karne mbili?

Jawabu ni kwamba adui si mmoja. Ndui ililetwa na kirusi, kitu kidogo mno kisichobadilika sana, na aliyeugua akapona hakuugua tena. Ama kijidudu cha malaria, kilichogunduliwa na daktari Mfaransa Alphonse Laveran katika mji wa Constantine, Algeria, mwaka 1880, ni kiumbe chenye hila. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alikiona ndani ya tumbo la mbu. Mbu anapotuuma, kijidudu huingia mwilini na katika muda wa nusu saa hivi huwa kimekwisha jificha ndani ya ini. Huko hukaa wiki moja au zaidi, kikibadilika umbo na kuzaana kwa maelfu. Kisha hutoka na kuvamia damu, na hapo ndipo homa inapoanza. Walinzi wa mwili wakikijua kwa sura moja, kimekwisha vaa sura nyingine. Kwa hiyo mtu huugua malaria leo, na mwakani akaugua tena.

Dawa za kutibu zilipatikana. Ilikuwapo kwinini, kisha klorokwini, ambayo kijidudu kiliizoea hata ikawa haifai. Halafu bibi mtaalamu wa Kichina, Tu Youyou, alipekua vitabu vya tiba vya kale vya nchi yake, akapata katika kimojawapo, cha zaidi ya miaka 1,600, habari za jani la kutibu homa. Kutoka katika jani hilo wenzake na yeye walitoa dawa mwaka 1972, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Dawa hiyo ndiyo iliyomo katika dawa mseto tunazopewa hospitalini. Huko Zanzibar dawa mseto zilianza kutumika mwaka 2003, na mwaka 2006 vikagawanywa vyandarua vyenye dawa na majumba yakapulizwa, hata maambukizi yakashuka chini ya mtu 1 katika kila 100.

Lakini kinga ya ndani ya mwili ilibaki kutafutwa. Chanjo ya kwanza, iitwayo RTS,S, ilianza kutengenezwa mwaka 1987. Ikachukua zaidi ya miaka 30. Maana yake ni kuufundisha mwili kukijua kijidudu mapema, katika ile nusu saa kabla hakijafika kwenye ini. Jaribio lake kubwa lilianza mwaka 2009 kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Na miongoni mwa mahali 11 palipofanyiwa jaribio hilo ni Bagamoyo na Korogwe katika Tanzania, na Kilifi katika Kenya. Miongoni mwa wataalamu walioongoza kazi hiyo ya miaka mingi ni Dk. Salim Abdulla na Dk. Ally Olotu, wana wa nchi hizi. Basi asije mtu akasema kwamba chanjo hii imepikwa gizani na wageni. Watoto wa pwani yetu walitoa mikono yao, na mama zao waliwapeleka.

Matokeo yalielezwa kwa ukweli. Kwa watoto waliopata sindano zote nne, malaria ilipungua kwa kiasi cha theluthi moja hivi katika miaka 4. Wengine walisema ni kidogo. Lakini ilipotolewa kwa kawaida kuanzia 2019 katika Ghana, Malawi na sehemu za magharibi ya Kenya, vifo vya watoto wa umri huo vilipungua kwa 13 katika kila mia. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaiidhinisha.

Kisha ikaja ya pili, R21, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Oxford na kutengenezwa India. Ilijaribiwa kwa watoto 4,800 katika Burkina Faso, Mali, Kilifi na Bagamoyo. Katika mwaka wa kwanza iliwakinga watoto kwa kiasi cha 75 katika mia pale ambapo malaria ni ya msimu, na 68 katika mia pale ambapo mbu wapo mwaka mzima. Ikaidhinishwa Oktoba 2023. Katika mwaka huo huo malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, na wengi wao walikuwa watoto wa Afrika ambao hawajafikia umri wa miaka 5.

Chanjo hii haiondoi chandarua, wala haiondoi dawa. Ni ngao moja pamoja na ngao nyingine.

ULIMI WA MWALIMU

Sasa nataka kusema na walimu wenzangu.

Mwaka 2003, katika mji wa Kano, Nigeria, baadhi ya viongozi na maulamaa walizuia chanjo ya polio, wakisema imetiwa kitu cha kuwafanya wasichana wasizae. Tusiwacheke. Walikuwa na kidonda chao: mwaka 1996, wakati wa maradhi ya uti wa mgongo, kampuni moja ya dawa kutoka nje iliwajaribia watoto wa Kano dawa mpya, na jambo hilo likafika mahakamani. Mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Kutaka hakika ni haki yao, na mwisho walikubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Lakini katika miezi ile ya kukataa, polio ilitoka Nigeria ikaenea nchi nyingi. Ikafika Yemen, na kutoka Yemen ikavuka bahari mwaka 2005 ikaingia Somalia, ambako Ali Maow Maalin na wenzake walikuwa wakibisha hodi nyumba kwa nyumba. Neno lililosemwa Kano lilipooza mguu wa mtoto wa Kisomali ambaye msemaji hakumjua wala hatamjua.

Nami sijitoi. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa darasa letu aliniuliza kama amchanje mwanawe, kwani amesikia maneno. Nikamjibu: "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, mwanangu." Maneno ni ya kweli, lakini nilijificha nyuma yake. Nilikuwa sijui, na badala ya kumwambia "ngoja nikuulizie", nilimwacha aende na shaka yake. Yule mama hakuja kutafuta dua tu, alikuja kutafuta elimu, nami sikumpa wala sikumwelekeza kwa mwenye nayo.

Wako wasemao kwamba kujikinga ni upungufu wa tawakuli. Hao nawakumbushe habari za Sayyidna Umar (R.A.). Katika mwaka 18 wa Hijra alikuwa njiani kwenda Sham, na alipofika Sargh akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina akawauliza, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi. Akaamua kurudi Madina. Abu Ubaida (R.A.), aliyekuwa kipenzi chake, akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwa maana hii, kwamba waitoka kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, kama mchungaji anavyowaacha ngamia wake wasilishe upande mkavu wa bonde akawapeleka upande wenye majani. Na pande zote mbili ni za Mungu. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf (R.A.) akawapa mafundisho aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), kwamba penye tauni kusiingiwe, na aliye ndani asitoke kuikimbia, yakaafikiana na uamuzi wa Umar.

Itazameni adabu ya tukio lile. Khalifa aliuliza kabla ya kuamua. Aliyekuwa na shaka aliitoa wazi, mbele ya mwenye kuhusika, wala hakwenda kuinong'ona sokoni. Na aliyekuwa na elimu hakukaa nayo kimya.

Basi, ndugu zangu akina baba na akina mama, chanjo hii ikifika katika kituo chenu, nendeni mkaulize. Muulizeni muuguzi: ni sindano ngapi, baada ya muda gani, na mtoto akipata homa baadaye nifanye nini? Kuuliza si dhambi. Dhambi ni kupitisha neno usilolijua, likamfikia mzazi mwenzio, akamnyima mwanawe kinga. Na nyinyi walimu, mkiulizwa msilolijua, semeni hamjui, kisha mfuateni ajuaye.

Ali Maow Maalin aliogopa sindano siku moja, kisha akaitumia sehemu ya umri wake uliobakia kuwatoa wengine hofu ile ile. Kila mmoja wetu ana hofu yake. Tumwombe Mwenyezi Mungu asitufanye sisi kuwa sababu ya hofu ya wengine, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoipokea elimu yenye manufaa na kuifikisha kwa wengine. Awalinde watoto wetu na wa majirani zetu, na awape malipo mema wote waliotaabika kwa ajili ya afya ya waja Wake.

Wabillahi taufiq.